Wimbo wa Unyago Kwenye Kinanda

Mjukuu wangu alitimiza miaka saba bila kuniita bibi. Wala hakumwita mtu mwingine yeyote kwa jina lolote. Kulia alijua, kucheka alijua, na kuuma alijua sana. Mikono yangu yote miwili ina alama za meno yake na sioni aibu kuzionyesha.

Watu wa kwetu Nanganga hawakosi majibu. Mmoja aliniambia ni jini, nikampeleka kwa shehe, akasomewa, akapewa kombe, yale maji ya kuoshea aya, anywe, akalitema lote kwenye kanzu ya shehe. Mwingine akaniambia ulimi umeshikwa chini, upelekwe ukakatwe. Hapo nikakataa. Mwishowe daktari mmoja akasema mtoto ana usonji. Nikamuuliza dawa yake nini. Akasema hauna dawa, una mafunzo. Nikarudi nyumbani nimekasirika, maana mafunzo ni kazi, na kazi nilikuwa nayo tayari.

Niseme ukweli jinsi tulivyokuwa tunaishi, kwa sababu asiyejua hilo hataelewa kwa nini nilihangaika. Mama yake mtoto, binti yangu, yuko Dar es Salaam anasuka nywele za watu. Baba yake tumwache huko aliko. Mimi ni mkulima, nina ufuta, nina muhogo, nina mikorosho aliyoniachia marehemu mume wangu. Nikienda shamba na mtoto, anakimbia. Siku moja walimkuta kwenye lami amekaa katikati ya barabara anaangalia ule mstari mweupe, lori limesimama mbele yake linapiga honi, na yeye ameziba masikio tu, hata kunyanyuka hanyanyuki. Toka siku ile nikawa namfunga. Kanga kiunoni, ncha ya pili kwenye nguzo ya baraza, kivulini, na maji pembeni. Naenda shamba, narudi. Aliyetaka kunisema nilimwambia, mchukue wewe, kaa naye mpaka adhuhuri tu, uniletee. Hakuna aliyemchukua. Lakini nilijua kwamba mimi nitakufa, na yeye atakua awe mwanamke mzima, na nguzo hailei mtu.

Ndipo nikasikia habari za shule moja ya Nachingwea. Ina darasa la watoto wa namna yake, na bweni lake. Ila nafasi chache, na hawamchukui mtoto hivi hivi. Mwalimu wa darasa lile anataka amwone kwanza. Mtoto aweze kukaa na mwenzake, wafanye kitu kwa zamu, wewe halafu mimi halafu wewe, hata kwa muda mfupi, pasipo kuuma wala kukimbia. Basi, hilo tu. Ukilisikia unaona dogo. Mimi niliyekuwa nakula naye sahani moja nilijua ni kubwa kuliko mlima.

Ili afundishwe hiyo zamu, nikaelekezwa kituo kimoja Ruangwa mjini, ambako kuna binti anayewafundisha watoto kwa muziki kila Jumatano. Nilicheka. Mtoto haongei, wanataka akacheze ngoma!

Nikaenda. Tulikuwa tunatoka alfajiri, tunasubiri gari la abiria, Noah, njia panda, mtoto nimempakata kwa nguvu kama kuku wa kwenda kuuzwa. Binti wa kituo ni mtu wa Kilimanjaro, mwembamba, ana sauti ya upole, na mimi sauti za upole zinanichosha. Chumba chake kilikuwa na mkeka, kinanda cha umeme, manyanga, kengele na ngoma mbili ndogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kwa hivi vitu ndiyo unatibu?"

"Bibi, muziki hautibu usonji, nisikudanganye. Nataka mtoto apate njia ya kuwa pamoja na mtu mwingine. Nikipiga, namsubiri apige. Akipiga, namjibu. Maneno yanaweza kuja, yanaweza yasije. Lakini zamu nataka tuipate."

Jibu lile nililipenda, maana hakuniahidi. Ila kulipenda jibu ni kitu kimoja. Jumatano ya kwanza mtoto aliziba masikio toka mwanzo mpaka mwisho. Ya pili akaingia chini ya meza, akalala. Ya tatu akamuuma binti wa watu kwenye kiganja. Binti anaimba nyimbo za chekechea, za bata, za sungura, anapiga ngoma ndogo mara mbili, ananyamaza, anasubiri. Mtoto anatazama dari. Binti anapiga tena, anasubiri. Mimi kwenye kiti nahesabu matuta ambayo ningekuwa nimeshayapalilia. Ikafika Jumatano ya nane, ya tisa. Binti yangu naye akapiga simu kutoka Dar.

"Mama, nimeona kwenye simu mtoto wa Ulaya mwenye usonji anapiga kinanda vizuri, mpaka watu wanalia."

"Na mimi nimeona kwa macho mtoto wako anapiga kichwa ukutani. Tuma sabuni."

Siku moja binti wa kituo akaniuliza, "Bibi, nyumbani anapenda wimbo gani? Mara nyingi mtoto anakuwa na wake, hata kama haonyeshi."

"Hana."

"Hata mmoja?"

"Nimesema hana."

Nilidanganya. Na hapa ndipo kosa langu lilipo, bora nilieleze lote.

Mimi ni mmoja wa makungwi wa kijiji chetu. Wasichana wanaoingia unyagoni nimewafundisha miaka mingi, na mama zao wengine nimewafundisha vile vile. Nyimbo za mle ndani haziimbwi nje. Hazisikiwi na mwanamume, hazisikiwi na mtoto ambaye hajachezwa, yaani hajaingia unyagoni, hata awe wa kumzaa mwenyewe. Mwanamke akiimba hovyo anaitwa, anakalishwa chini, anaambiwa. Mimi mwenyewe nimewakalisha wenzangu, na sikuwahurumia.

Lakini mjukuu wangu hasemi. Niliishi naye miaka yote akinipita kama upepo, hageuki nikimwita, hatazami nikimwonyesha. Nikajiaminisha kwamba mbele yake ni sawa na kuwa peke yangu. Nikitwanga makopa ya muhogo uani na yeye yuko pale kwenye nguzo yake, mdomo wangu ulikuwa unaimba wenyewe wimbo mmoja wa mle ndani, kwa sababu mwendo wake unakwenda vizuri na mchi. Nilimwimbia kama mtu anavyoimba mbele ya mbuzi wake. Nikasema kwa huyu siri haitoki. Kichwa changu kilifika hapo kikasimama.

Wimbo wenyewe una pande mbili. Kungwi anatoa, kisha kuna nafasi, na wanawake wanapokea kwa mapigo matatu. Nikitwanga peke yangu, ile nafasi niliipigia mchi mara tatu. Ikafika wakati nikamsikia mtoto anaguna ule upande wangu. Hakusema neno hata moja, aliguna tu kwa pua, lakini kila kupanda na kila kushuka kulikuwa mahali pake. Halafu kwenye ile nafasi ananyamaza. Anasubiri mchi. Nikipiga mara tatu, anaendelea. Nisipopiga, anakaa kimya pale pale, ananitazama mkono.

Hata mimi niliyesoma mpaka darasa la nne tu nilielewa kwamba hicho ndicho binti wa kituo anachokitafuta kila Jumatano. Nikaacha kuimba. Nikawa natwanga kimya kama mwizi, na njia panda ya Noah naenda, na kituoni nasema hana wimbo.

Sasa Jumatano moja tulikuwa kwenye benchi la nje tunasubiri zamu yetu. Tulikuwa akina mama watatu na mimi. Mashine ya kusaga iliyo jirani ikawashwa, na mtoto hapendi mlio ule. Akaanza kujitikisa mbele na nyuma, mbele na nyuma, kisha akaguna. Wimbo ule ule, mzima, mbele ya watu. Nikamtazama mama mmoja aliyekaa pembeni yangu, mtu wa kijiji cha Kiegei, nikaona macho yamemtoka. Mtoto akafika kwenye nafasi, akanyamaza. Akasubiri. Na yule mama, kwa mazoea, kabla hajajua anafanya nini, akapiga paja lake mara tatu.

Mtoto akaendelea.

Yule mama akajishika mdomo. Mwenzake akacheka mpaka akainama. "Bibi wewe! Huyo mwali wa mwaka gani? Mbona mmemcheza mdogo hivyo?"

"Nyamaza."

"Ninyamaze mimi? Mnyamazishe huyo kwanza!"

Mlango ukafunguliwa, binti wa kituo akatoka mbio. "Bibi! Anaimba! Wimbo gani huo?"

Wanawake wote kwenye benchi wakatazama chini. Hata yule aliyekuwa anacheka akatazama chini.

"Si wimbo," nikasema. "Ni kelele."

"Bibi, nimesikia. Una sehemu ya kujibu." Akatoa simu ili arekodi. Nikaipokonya, nikaikalia. Naam, niliikalia simu ya binti wa watu kwenye benchi kama kuku anayelalia mayai. Alinitazama kama anayetazama mgonjwa mwingine.

Lakini masikio ya yule binti si ya kawaida, ndiyo kazi yake. Hakuhitaji simu. Akamshika mtoto mkono akaingia naye ndani, na mimi nilivyokuwa nanyanyuka na magoti yangu haya, nikausikia wimbo wetu unatoka kwenye kinanda. Kwenye umeme. Kwa sauti ya kinanda cha harusi, dirisha liko wazi, na chini ya dirisha pale ndiyo kijiwe cha bodaboda.

Niliingia. Na nikaona. Mtoto amekaa kwenye mkeka, miguu ameikunja, uso wake ameuelekeza kwa yule binti. Binti anapiga upande wa kungwi, ananyamaza. Mtoto ananyanyua mkono na kupiga ngoma ndogo, mara tatu. Binti anaendelea. Ananyamaza. Mtoto anapiga. Kisha mtoto akamtazama binti machoni, sawasawa, kama mtu anayesema haya, zamu yako. Mimi hajawahi kunitazama hivyo.

Nje kijana mmoja wa bodaboda akaudaka ule wimbo, akaupigia mluzi.

Nikauchomoa waya ukutani.

Nataka ieleweke kwamba nilijua ninachofanya. Nilikuwa nimesubiri miezi kukiona kile, na nilipokiona nikakikata kwa mkono wangu. Mtoto akapiga ukelele, akajitupa chini, akagonga kichwa. Binti wa kituo akasimama, machozi yanamlengalenga, na sauti yake ya upole haikuwepo tena.

"Bibi, umeona alichokifanya?"

"Nimeona."

"Sasa?"

"Sasa hapana. Wimbo huo usiupige."

"Kwa nini? Niambie basi sababu, niielewe!"

"Sababu huwezi kuambiwa."

"Bibi, unanikwamisha! Mimi na wewe si tunamtaka mtoto mmoja?"

Nilimbeba mtoto huku ananiuma begani, tukatoka. Yule kijana wa bodaboda alikuwa bado anapiga mluzi. Nikamwambia mama yake akimsikia atamlaani. Akacheka. "Bibi, ngoma kali hiyo, nani kaimba?"

Mimi sijui habari zinasafiri na nini, lakini zilifika Nanganga kabla yangu. Jioni ile ile makungwi wenzangu wawili walikuja, na nyuma yao yule mkubwa wetu, ambaye anatembea kwa fimbo na masikio yake yanasikia anachotaka kusikia tu. Hawakusema hodi kama wageni. Waliingia uani wakakaa kwenye jamvi, na mkubwa akaweka ugoro wake mdomoni kwanza, taratibu, ili nipate muda wa kuogopa.

"Tumeambiwa wimbo unapigwa kwa umeme Ruangwa," akasema.

"Ni kweli."

"Tumeambiwa vijana wa pikipiki wanaupigia mluzi."

"Mmoja."

"Mmoja leo. Kesho mtasikia unachezwa kwenye spika." Akatema. "Nani aliutoa?"

"Mimi. Niliimba mbele ya mtoto. Nilidhani haingii kitu."

Mwenzangu mmoja, ambaye nilimkalisha chini miaka ile kwa kosa dogo kuliko hili, akatabasamu. "Si ulituambia hata mbele ya ukuta mtu asiimbe? Maneno yako hayo, si yangu."

"Yangu."

"Basi leo ukuta umeimba."

Wakacheka, na mimi nikaacha wacheke, maana haki yao. Walipomaliza nikawaeleza. Sikulia, mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Niliwaambia kuna darasa Nachingwea, nafasi moja imebaki, binti wa kituo amenitumia ujumbe kwamba mwalimu anaangalia watoto mwezi wa sita. Mtoto huyu hafanyi zamu kwa kitu kingine chochote duniani ila wimbo ule. Nikawaambia: mnaiona kanga pale kwenye nguzo? Mimi nikifa nani anaifunga na nani anaifungua?

Mkubwa akamtazama mtoto, ambaye alikuwa amekaa akipanga vifuu vya nazi kwa mstari, na kwake ni kama sisi hatupo.

"Mtoto hana kosa," akasema mwishoni. "Utamwimbia. Maneno usiyaseme, ugune tu. Simu isiwepo. Kile kinanda kisiwepo. Na mwanamume asisikie."

"Na yule Mchaga?" mwenzangu mwingine akauliza.

"Si mwanamume."

"Hajachezwa."

"Basi mumcheze!" akasema mkubwa, na wakaangua kicheko tena mpaka mtoto akaziba masikio.

Kisha akanigeukia, na hapo hakucheka. "Wewe msimu huu huingii. Wasichana wetu watafundishwa na wengine. Kaa nyumbani kwako utafakari."

Miaka yote ile sijawahi kukosa msimu hata mmoja. Nilisema nimesikia.

Jumatano iliyofuata nikarudi Ruangwa. Nikamwambia binti wa kituo masharti, nikamwambia asiniulize. Akafunga dirisha, akakifunika kinanda kwa kitenge, akakaa chini. Kwa kweli alikuwa na adabu yule binti, ila hasira zangu zilichelewa kuiona. Nikaguna upande wangu, mtoto akapiga ngoma mara tatu. Halafu binti akaingia katikati polepole. Mapigo yakawa ya mtoto mara hii, ya binti mara ile, kisha ya mtoto. Aliweza. Aliweza Jumatano ile, na iliyofuata, na iliyofuata. Tukijaribu wimbo wa bata, anaingia chini ya meza. Binti akasema tusikate tamaa, wimbo wetu ni mlango tu, akishaingia ataona vyumba vingine. Mimi nikasema moyoni, nimepoteza heshima yangu kijijini kwa ajili ya mlango.

Siku ya kuangaliwa tukaenda Nachingwea, mimi, mtoto, na binti wa kituo aliyejitolea kutusindikiza. Tukaingia kwenye chumba cha darasa. Mwalimu akaja, ameshika faili.

Mwanamume.

Nikamgeukia binti. "Hukuniambia ni mwanamume."

"Bibi, sikujua kama..."

"Nilikwambia masharti."

"Ulisema asisikie mwanamume! Hukusema asiwe mwalimu!"

Yule mwalimu ni mtu mzima, mvi zimeanza. Akatuamkia, akasema anataka kumwona mtoto akifanya zamu na mtu, basi. Binti akachukua ngoma, akajaribu bila wimbo. Mtoto akaangalia dari. Akajaribu wimbo wa bata. Mtoto akaanza kuutafuta mlango kwa macho, na mimi namjua, baada ya hapo anakimbia. Mwalimu akaandika kitu kwenye faili lake. Nikaona kalamu inavyokwenda.

"Mwalimu," nikasema, "toka nje."

"Samahani, Bibi?"

"Toka nje kidogo. Mtoto anaweza, ila wewe huwezi kuwepo."

"Bibi, nikitoka nitamwonaje?"

"Hilo sijui. Kuna wimbo, na wimbo huo si wako."

Binti wa kituo alikuwa ameshika kichwa. Lakini yule mwalimu akanitazama, akaitazama kanga yangu, akamtazama mtoto. "Bibi ni mtu wa wapi?"

"Nanganga. Mmwera."

"Aaa," akasema. Akaweka faili chini. Na mimi niliyezoea kupigana nilikuwa tayari kupigana. Badala yake akaenda mpaka pembe ya mwisho ya darasa, akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yakamfika kidevuni, akajiziba masikio kwa vidole viwili, akavisokomeza ndani hasa. "Nimezaliwa na mama kama wewe," akasema kwa sauti kubwa kama kiziwi. "Imba, Bibi, naangalia tu!"

Nikaguna. Mtoto akarudi kutoka mlangoni. Akakaa. Akapiga mara tatu. Binti akapiga mara tatu. Mtoto akasubiri, akapiga. Tulikwenda hivyo kwa muda mrefu, na yule baba wa watu kule pembeni kajiziba masikio, macho kayatoa, anatikisa kichwa kwa mwendo ambao hausikii.

Tulipomaliza akazibua. Akasema mtoto anaweza. Nikapumua. Halafu akasema, "Lakini Bibi, hapa shuleni nani atauimba huo wimbo?"

Swali hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Si mimi, si binti, si makungwi wote kwa busara yao. Mwalimu akasema atampokea kwa majaribio, muhula wa mwezi wa saba, kwa sharti niwepo wiki za mwanzo mpaka azoee pasipo mimi. Nikamwambia mwezi wa saba ufuta wangu umeshakatwa, umesimamishwa unakauka, usipopigwa unapasuka na kumwagika chini wote. Akasema anaelewa. Kuelewa kwake hakukupiga ufuta.

Nikaenda. Nililala kwa mdogo wangu anayeishi kijiji cha Mtua, kila asubuhi natoka kwenda shuleni. Darasani mwalimu alikuwa na watoto wengine, sisi tukawekwa barazani mwa bweni na mlezi, mama mmoja wa Kimakua, mnene, asiye na haraka. Alikuwa ananipangia kama mtu anayepunguza chumvi. Leo imba wimbo wote. Leo imba nusu. Leo mapigo tu, usigune. Leo kaa kwenye ngazi. Kila akipunguza, mtoto analia siku nzima, anajikwaruza uso, na mimi nasema si nilikwambia, na mlezi anasema kesho tena. Nilimchukia yule mama. Jirani yangu wa Nanganga alipiga simu kuniambia upande wa chini wa shamba ufuta umeshaanza kupasuka, kuku wanashiba. Akaniambia pia wasichana wameingia, ngoma zinalia kila jioni, mwaka huu wamependeza.

Wiki ya tatu nilifika asubuhi nikamkuta barazani na mtoto mwingine wa kike, mkubwa kidogo, mwenye miwani minene iliyofungwa kwa kamba kisogoni. Ngoma moja katikati. Yule anapiga, mjukuu wangu anasubiri. Mjukuu wangu anapiga, yule anasubiri. Mapigo hata si yale matatu yetu, ni manne, matano, vyovyote. Wimbo hakuna.

Nikamuuliza mlezi nani amewafundisha.

"Hakuna. Wameanza jana jioni."

"Bila kuguna?"

"Bila."

Ningepaswa kufurahi, na kwa kiasi fulani nilifurahi, lakini nikisema furaha ndiyo ilikuwa kubwa nitakuwa mwongo. Nilikasirika. Wimbo ulionitoa unyagoni, ulionifanya nimkalie binti wa watu simu yake, huyu mtoto ameutumia kama mtu anavyotumia daraja, amevuka na hana habari nao.

"Bibi, sasa ondoka," mlezi akasema. "Wakati huu huu anapocheza. Usimuage."

"Nisimuage mjukuu wangu?"

"Ukimuaga unajiaga wewe. Yeye ana kazi."

Nilisimama pale kidogo, nikisema labda atanyanyua macho. Alikuwa anautazama mkono wa mwenzake. Nikachukua mfuko wangu, nikaenda stendi.

Shambani nilikuta nusu ya ufuta iko chini, ardhi imekuwa nyeupe. Nikatandika turubai, nikainamisha matita yaliyobaki, nikaanza kupiga kwa fimbo. Upande wa kijiji ngoma za wasichana zilikuwa zinalia, na nilisikia wazi mahali ambapo yule aliyekaa nafasi yangu anakosea, anaharakisha. Nikaendelea kupiga ufuta. Jirani akapita njiani, akasimama juu ya turubai langu na viatu vyake.

"Mama, umerudi! Mtoto yuko wapi?"

"Shule."

"Ee! Anasoma?"

"Anasubiri zamu yake, anapiga, anasubiri tena. Shuka hapo, unanikanyagia ufuta."